Frankenstein, Dracula na Wanaowapenda: Mapenzi Haya Yalitoka Wapi?

Kuna kipande cha filamu ya mwaka 1931 ambacho hakifiki hata dakika tatu. Daktari kijana, Henry Frankenstein, ameunda mtu kwa kushona viungo vya maiti, na amemweka gizani kwa siku kadhaa. Sasa anafungua dirisha la paa. Mwanga unamshukia yule kiumbe aliyeketi kitini. Anainua uso. Anasimama taratibu kama mtoto anayejifunza kusimama, ananyoosha mikono yote miwili juu, anajaribu kuushika mwanga. Dirisha linafungwa. Mwanga unakwisha, na ile mikono inabaki hewani, mitupu, kisha inashuka na kumwelekea daktari kama mikono ya mtu anayeomba arudishiwe kitu chake. Kiumbe hasemi neno. Muziki hakuna.

Filamu hiyo ilitengenezwa ili itishe, na haikuficha nia yake. Kabla haijaanza, bwana mmoja anatokea mbele ya pazia na kuwaonya watazamaji kwamba watakachokiona huenda kikawashtua. Wa mwaka ule walishtuka kweli. Leo hashtuki mtu. Ila wapo watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, walioweka sanamu ya yule kiumbe juu ya kabati la vitabu, wanaokumbuka siku aliyozaliwa mwigizaji wake, na wanaosafiri hadi Pennsylvania kwenye mkusanyiko wa mashabiki ili kukaa ukumbini na kutazama tena filamu ambazo wamekwisha kuzikariri. Waulize kama wanaogopa, watakucheka. Kitu kilichoundwa ili kikimbiwe kimekuwaje kitu cha kupendwa?

Jibu la haraka ni kusema kwamba ni kumbukumbu za utotoni. Lina ukweli, lakini lina tundu: mashabiki karibu wote hawakuwa wamezaliwa filamu hizi zilipotoka. Hakuna anayekumbuka 1931. Wanachokumbuka ni kitu kingine, kilichotokea robo karne baadaye, na tutakifikia. Kwanza tuwatambue wahusika.

Studio ni Universal ya Hollywood, iliyoasisiwa na Carl Laemmle, Myahudi aliyehamia Marekani kutoka mji wa Laupheim, Ujerumani. Mwanawe, Carl mdogo, ndiye aliyesukuma mbele filamu za kutisha. Dracula, hadithi ya mfu mnyonya damu, ilitoka Februari 1931 na Frankenstein Novemba mwaka huohuo. Zikafuata The Mummy mwaka 1932, The Invisible Man 1933, Bride of Frankenstein 1935, The Wolf Man 1941, na mwishoni kabisa Creature from the Black Lagoon mwaka 1954. Zilizobaki nyingi ni watoto na wajukuu wa hizo. Na tuondoe kosa la kawaida: Frankenstein ni jina la daktari. Kiumbe hana jina. Mwanzoni mwa filamu, pale majina ya waigizaji yanapoorodheshwa, mbele ya nafasi yake pamewekwa alama ya kuuliza.

(Sisi wa Kiswahili tuna utani wetu hapa. Neno mumiani, ambalo wazee walilitumia kuwazuia watoto wasizurure jioni, lina ukoo mmoja na neno la Kiingereza mummy, yaani maiti iliyokaushwa. Yote mawili yanatokana na neno la Kiajemi la dawa nyeusi kama lami. Kwetu likaja kuwa mnyonya damu. Kwa hiyo yule mfu wa Misri wa mwaka 1932 na Dracula wa 1931, ambao Hollywood iliwatenga, kwetu ni jina moja.)

Aliyefichwa nyuma ya alama ya kuuliza aliitwa William Henry Pratt, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1887 katika familia ya watumishi wa serikali ya kikoloni. Alikimbilia Kanada akiwa kijana, akafanya kazi za suluba, akajiunga na vikundi vya maigizo vinavyohamahama, akajiita Boris Karloff. Alipofikiwa na jukumu hili alikuwa na miaka 43 na rundo la majukumu madogo ambayo hakuna aliyeyakumbuka.

Uso tunaoujua wote, wenye kichwa bapa na vyuma shingoni, haumo katika riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818. Ni kazi ya Jack Pierce, mhamiaji kutoka Ugiriki aliyekuwa mkuu wa upambaji wa waigizaji pale Universal. Pierce alikuwa na hoja kwa kila alichoweka. Kichwa ni bapa kwa sababu, alieleza, daktari huyu si fundi sana wa upasuaji, na njia rahisi ya kuingiza ubongo ni kulikata fuvu juu moja kwa moja kama mfuniko wa chungu. Vile vyuma vya shingoni si parafujo, ni mahali pa kuingizia umeme. Paji la uso lilijengwa kwa pamba na kolodioni, kimiminika chenye harufu kali kinachokauka na kuwa kama ngozi, tabaka juu ya tabaka, kila asubuhi upya, kwa takriban saa nne. Jioni kulikuwa na kazi nyingine ya kuubandua.

Na hapa ndipo Karloff mwenyewe alipoingiza mkono wake. Alijitazama akaona macho yake yako hai mno. Yanaelewa kupita kiasi. Yakaongezwa matabaka ya nta juu ya kope ili zilale nusu. Kisha akavua meno ya bandia upande mmoja, shavu likabonyea. Ukiangalia picha yoyote ya kiumbe yule utaona kivuli kile shavuni. Si rangi. Ni mdomo wa Karloff usio na meno.

Nalisisitiza hili kwa sababu fundo lenyewe limeshikwa hapo. Barakoa ya mpira huficha mtu. Kazi ya Pierce haikumficha Karloff, ilimwacha wazi: misuli ya uso inacheza, mdomo unatetemeka, macho yanauliza. Mtazamaji anaona zimwi, na wakati huohuo anaona mtu aliyechoka ndani ya zimwi. Na mtu huyo alikuwa amechoka kweli. Mavazi mazito, viatu vizito, katikati ya kiangazi cha California, siku za kazi zisizo na kikomo. Tena alitakiwa kumbeba mwigizaji mwenzake, Colin Clive, kupanda naye kilima, akarudia na kurudia, na mgongo ukamsumbua hadi uzeeni. Mwaka 1933 Karloff alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waigizaji, Screen Actors Guild. Kadi yake ya uanachama ilikuwa namba 9. Mashabiki huitaja namba hiyo kama vile wengine wanavyotaja mabao ya fainali.

Watoto walimwelewa kabla ya wahakiki. Karloff alisimulia mara nyingi kwamba barua za watoto hazikusema wameogopa; zilimwonea huruma kiumbe. Niliwahi kumwonyesha mpwa wangu wa miaka saba kile kipande cha mwanga, kwenye simu. Hakushtuka. Aliuliza tu, "Mjomba, mbona wamemfungia?"

Kuna tukio jingine la filamu ileile linaloonyesha jinsi huruma hiyo ilivyo nyembamba. Kiumbe anakutana na binti mdogo, Maria, kando ya ziwa. Binti hamwogopi. Anampa maua, wanayarusha majini, yanaelea. Maua yanapokwisha, kiumbe anamrusha Maria, akidhani naye ataelea. Wadhibiti waliona ni kikatili mno, wakakata pale anaponyoosha mikono. Matokeo yake yalikuwa mabaya zaidi: mtazamaji alimwona akimnyooshea mtoto mikono, kisha akaona baba amebeba maiti mitaani. Kilichotokea katikati kila mtu alijijazia mwenyewe. Kipande kile kilirudishwa miaka ya 1980, na kwa mara ya kwanza baada ya nusu karne watu wakaona kwamba ilikuwa ajali ya mchezo, na kwamba kiumbe anakimbia akiwa amechanganyikiwa kuliko mtu yeyote.

Bela Lugosi ni habari nyingine. Mapenzi ya mashabiki kwake yana uchungu ndani yake.

Alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Lugos, wakati ule Hungaria, leo Lugoj nchini Romania, akachukua jina la mji likawa jina lake. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani Budapest, na katika machafuko ya 1919 alishiriki kuunda chama cha waigizaji. Mapinduzi yaliposhindwa ikabidi akimbie. Mwaka 1927 akamcheza Dracula jukwaani New York, kwa Kiingereza ambacho bado kilikuwa kigeni kinywani mwake. Filamu ilipotengenezwa alilipwa dola 500 kwa wiki, kwa wiki saba. Jumla ni dola 3,500 kwa jukumu ambalo uso wake ungeuziwa bidhaa hadi leo.

Ukiitazama Dracula sasa, jambo la kwanza litakalokushangaza ni ukimya. Sinema ya sauti ilikuwa changa, na mbali na muziki wa Tchaikovsky mwanzoni na ule wa ukumbi wa opera, filamu nzima karibu haina muziki. Mlango unalia. Anatembea. Kisha sauti ile nzito, yenye lafudhi inayovuta kila silabi, inaingia katika chumba kisicho na sauti nyingine. Mpiga picha alikuwa Karl Freund, Mjerumani aliyewahi kuipiga filamu ya Metropolis. Alielekeza vimwanga viwili vyembamba kwenye macho ya Lugosi, uso uliobaki ukawa kivulini. Waliomcheza Dracula baada yake ni wengi, na mtoto yeyote anayemwigiza kwa mzaha, popote duniani, anaiga lafudhi ya mhamiaji mmoja wa Hungaria.

Lafudhi hiyo ndiyo iliyomfunga. Jukumu la kiumbe wa Frankenstein lilikuwa limekusudiwa kwake kwanza. Sababu za kulikosa husimuliwa kwa namna nyingi, na mashabiki wanaweza kubishana juu yake usiku kucha. Karloff alikwenda nalo juu, Lugosi akabaki kusubiri. Katika Son of Frankenstein ya mwaka 1939 anacheza Ygor, mtu aliyenyongwa akapona akiwa na shingo iliyopinda, na kwa macho yangu hapo anampita kila mtu aliyemo, Karloff akiwemo. Baadaye yakaja maumivu, mofini, na umaskini. Mwaka 1955 alijipeleka mwenyewe hospitali akaomba atibiwe uraibu, jambo ambalo nyota wa Hollywood wa siku zile hawakulifanya hadharani. Alifariki Agosti 1956, akazikwa amevaa joho la Dracula.

Tarehe hiyo inauma kwa sababu mwaka mmoja tu baadaye mambo yaligeuka.

Mwaka 1957 kampuni ya Screen Gems ilichukua filamu 52 za zamani za Universal, ikazifunga katika furushi moja lenye jina Shock!, ikaviuzia vituo vya televisheni vya miji mbalimbali ya Marekani. Si zote zilikuwa za mazimwi. Nyingine zilikuwa za upelelezi tu. Vituo vilizirusha usiku wa manane, na kwa kuwa bajeti ilikuwa ndogo, mara nyingi mtangazaji wa kituo ndiye aliyevikwa joho na kupakwa unga usoni ili azitambulishe. Los Angeles ilikwisha kuwa na Vampira tangu 1954. Philadelphia ikampata John Zacherle, aliyezungumza na mkewe aliyemo ndani ya jeneza na kujipachika katikati ya filamu akifanya vituko.

Hiki ndicho kitu kinachokumbukwa. Kizazi kizima cha watoto kilikutana na mazimwi haya sebuleni, kwa nguo za kulalia, wazazi wakiwa wamelala, kwenye kioo kidogo. Zimwi lililokuwa na urefu wa ukuta wa jumba la sinema likawa la kimo cha kiganja. Likaja Jumamosi hii na likarudi Jumamosi nyingine, na katikati yake akatokea mchekeshaji akawakonyeza. Watu wa pwani wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watoto wale walizoeana nalo kwanza, wakaja kujua baadaye kwamba babu zao walizimia. Kukesha mpaka filamu iishe kulikuwa ushujaa, na aliyekuwa pamoja nawe katika ushujaa huo alikuwa Karloff.

Februari 1958 likafuata jarida, Famous Monsters of Filmland, la mchapishaji James Warren na mhariri Forrest J Ackerman. Lilikusudiwa kuwa toleo moja tu. Liliendelea hadi 1983. Utani wake ulikuwa wa kitoto na karatasi yake duni, lakini lilifanya jambo ambalo televisheni haikufanya: lilitaja watu. Huyu ndiye Jack Pierce, hii ndiyo pamba aliyotumia. Huyu ni Lon Chaney, mwana wa wazazi viziwi, ambaye katika filamu bubu za miaka ya 1920 alijitengenezea nyuso zake mwenyewe, na aliyejifunza kusema kwa mikono na uso kabla ya kitu kingine. Mtoto aliyeanza kwa kupenda zimwi akajikuta anapenda kazi. Miongoni mwa wasomaji wake walikuwamo Steven Spielberg, Stephen King na Rick Baker, aliyekuja kuwa bingwa wa upambaji wa Hollywood. Ackerman aliwafungulia mashabiki nyumba yake Los Angeles, imejaa masalio ya filamu hadi ngazini, naye akiwapokea wageni na pete ya Dracula kidoleni.

Majalada ya jarida hilo yalichorwa na Basil Gogos, na yanatufikisha kwenye fundo la rangi. Gogos alipaka nyuso hizi manjano, zambarau, nyekundu ya moto, kwa sababu hakuna aliyekuwa na rangi "halisi" ya kumsahihisha. Je, kiumbe wa Frankenstein si kijani? Kwenye kiti cha Pierce, ndiyo: alimpaka rangi ya kijani kijivu kwa kuwa kamera ya filamu isiyo ya rangi iliigeuza kuwa weupe wa maiti. Kijani ilikuwa hesabu ya maabara tu, haikukusudiwa kuonwa na mtu. Vinyago vya plastiki vya miaka ya 1960 vikaitoa hadharani na ikabaki. Mashabiki wakongwe wanaposema hawataki filamu hizi zipakwe rangi kwa kompyuta, si ukaidi wa wazee. Picha hizi zilipimwa kwa kivuli tangu mwanzo. Ukiongeza rangi unaonyesha kilichofichwa makusudi.

Tusiwapambe mashabiki kupita kiasi, hata hivyo. Kuna tuzo ambazo wao wenyewe hupiga kura kila mwaka tangu 2002, zinazoitwa kwa jina la Rondo Hatton. Hatton hakupakwa chochote. Alikuwa mgonjwa wa akromegali, maradhi yanayokuza mifupa ya uso na mikono, na studio ilimweka mbele ya kamera kama zimwi lisilohitaji gharama. Alifariki mwaka 1946, kabla ya filamu zake za mwisho kutoka. Wanaotetea jina hilo wanasema wanamrudishia heshima. Huenda. Kisanamu chake kinapopita kutoka mkono hadi mkono, mimi hukosa raha.

Upande wa pili, ni mashabiki waliomrudisha Milicent Patrick. Yeye ndiye aliyelibuni umbo la yule kiumbe wa majini wa mwaka 1954, lenye mapezi na matamvua. Studio ilimzungusha nchi nzima kuitangaza filamu. Mkuu wake, Bud Westmore, akaona wivu, na Milicent akapoteza kazi. Kwa miongo sifa zote zilibaki kwa Westmore. Ilichukua watu wanaopekua picha za zamani kwa mapenzi tu, bila malipo, mpaka jina lake likakaa mahali pake.

Curt Siodmak naye, mwandishi wa The Wolf Man, alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler. Katika hadithi yake, Larry Talbot ni mtu mwema anayegeuka mbwamwitu, kitu cha kuwindwa, bila kosa lake, na huiona nyota kwenye kiganja cha mtu atakayekufa. Lon Chaney mdogo, mwana wa yule wa filamu bubu, alimcheza Talbot akiwa na uso wa mtu anayetaka kuomba radhi tangu asubuhi. Ni nyota ya ncha tano, si sita kama ile ya Wayahudi, lakini msomaji aelewe.

Lililobaki ni pesa. Kuanzia 1960 Universal iliuza leseni za sura ya Dracula kwa watengenezaji wa bidhaa, na sura hiyo ilikuwa ya Lugosi. Mjane wake na mwanawe wakaenda mahakamani: uso ni wa nani, wa studio iliyoupiga picha au wa familia ya aliyezaliwa nao? Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya California iliamua dhidi yao. Haki ya mtu juu ya sura yake, ilisema, haikurithiwa na familia yake kwa kuwa yeye hakuitumia kibiashara alipokuwa hai. Kelele zilizofuata ziliifanya California itunge sheria, iliyoanza 1985, inayowapa warithi haki hiyo. Lugosi aliyelipwa dola 3,500 akawa ndiye sababu ya familia za nyota wengine kulipwa.

Joho alilozikwa nalo si lile la filamu ya 1931. Lile lilibaki kwa familia, na mwaka 2019 likaenda kwenye makumbusho ya Academy, taasisi inayotoa tuzo za Oscar, Los Angeles. Ni jeusi kwa nje. Picha ya nyeusi na nyeupe haikuwahi kusema bitana yake ina rangi gani.